Jengo moja la Gredi ya 7 hadi 12: anza na ratiba, ramani baadaye

Ramani nyingi za shule za Kenya zinazochanganya sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) na sekondari ya juu (10 hadi 12) huanza kwa hesabu rahisi: mikondo miwili, gredi sita, basi madarasa 12 na maabara kadhaa. Kasoro hujitokeza Gredi ya 10 inapoingia. Wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi 9 hubaki darasani mwao, walimu ndio wanaozunguka. Wa 10 hadi 12 huchagua masomo, kwa hivyo kila kengele ikilia nusu ya shule iko njiani.

Kwa hiyo mwombe mwalimu wa ratiba akae na mchoraji kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa. Tuseme sekondari ya juu ina makundi 10 ya fizikia, kemia na biolojia, kila kundi vipindi 6 kwa wiki, vyote vya maabara: vipindi 60. Ongeza madarasa 6 ya sekondari msingi, kila moja vipindi 2: jumla 72. Wiki ya vipindi 40 haiwezi kujaza chumba kikamilifu. Weka asilimia 80, yaani 32. Gawanya 72 kwa 32 upate 2.25, kwa hivyo maabara tatu. Ya tatu itakuwa na nafasi nyingi, basi iweke mpakani mwa upande wa sekondari msingi na ule wa sekondari ya juu, isiwe na gesi, na wadogo waitumie bila kupita katikati ya wakubwa.

Maabara zikae chini: maji, mifereji na gesi ni shida kuvipandisha ghorofani. Mitungi ya gesi iwe nje, kwenye kizimba kinachofungwa, na vali ya kuzimia iwe karibu na meza ya mwalimu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo acha matundu ya hewa chini ya ukuta pia. Dirisha la juu peke yake halitoshi.

Madarasa ya sekondari msingi nayo yakae chini, ya wakubwa yapande juu. Hapo ngazi ndizo zinazoamua. Weka mbili, moja kila mwisho wa jengo, upana usiopungua mita 1.5. Wenye bajeti ndogo hukata moja, kisha wanashangaa kwa nini kila kipindi kinaanza kwa kuchelewa, na moto ukizuka ni hatari kubwa zaidi.

Mwongozo wa usalama shuleni wa Wizara ya Elimu ya Kenya wa mwaka 2008 unataka milango ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma vya kuzuia. Watu hutii, halafu mlango wa mita moja unafungukia kwenye veranda ya mita 1.5 na kumpiga anayepita. Rudisha mlango ndani kidogo ya mstari wa ukuta, au tumia bawaba zinazouwezesha kulala kabisa ukutani. Mwongozo huohuo unatoa darasa la mita 7.5 kwa 6 kwa wanafunzi 40 wa madawati ya wawili, au 30 wa dawati la mmoja mmoja. Usipange 40 kwa viti vya mmoja mmoja.

Meza na viti vyenyewe: meza yenye kimo cha sentimita 76 pamoja na kiti chake humfaa kijana wa miaka 17, lakini wa Gredi ya 7 hubaki akining'iniza miguu. Kwake tafuta meza ya 64 hadi 71.

Vyoo vigawanywe kwa umri. Kwa wasichana 240 na wavulana 240, kipimo cha tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30 kinatoa 10 na 8. Nusu kila upande. Vya wasichana viwe na chumba cha kunawia chenye maji ndani, kwani bomba la uani halimsaidii aliye katika hedhi.

Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini ili jua la jioni lisiingie darasani. Bati bila dari huzima sauti ya mwalimu mvua ikinyesha, kwa hivyo dari isiwe ya kusubiri awamu ya pili. Fedha zikipungua, acha maabara ya tatu bila meza na masinki, lakini laza mabomba na mifereji yake kabla ya kumwaga zege la sakafu.