Jibu: PEEK inatoka na kingo za kahawia

Mkuu, umeuliza kwa nini vipande vyako vya PEEK (plastiki ngumu inayostahimili joto kali) vinatoka kwenye mashine ya sindano na kingo za kahawia. Hiyo kahawia inayong'aa kingoni siyo plastiki kuungua. Umesema silinda inayoyeyusha plastiki iko nyuzi 380 na moldi (kalibu ya chuma) unaipasha kwa maji ya moto, 90 hivi. Basi shida ni moldi. PEEK huyeyuka kwenye nyuzi 343. Ikigusa chuma cha 90 inaganda ghafla kabla molekuli hazijajipanga kuwa fuwele (mpangilio unaoifanya isipitishe mwanga), hasa pale penye ukuta mwembamba. Inua kipande kwenye taa: kingo zitapitisha mwanga kama asali, katikati hapapitishi.

Pandisha moldi ifike 170 hadi 200. Tumia mafuta ya moto au hita za umeme za kuchomeka, na weka bamba la kuzuia joto lisikimbilie kwenye mashine. Pima uso wa moldi wenyewe, usiamini namba ya skrini. Yangu ilinidanganya nyuzi 25, siku nzima nalaumu punje za plastiki! Punje zenyewe kausha 150, saa 3 angalau.

Vipande ulivyokwisha toa usivitupe. Viweke oveni nyuzi 200 kwa saa kadhaa, rangi itabadilika. Ila vitasinyaa kidogo, kwa hiyo kama ni bushi za kubana (pete zinazoingizwa kwa nguvu kwenye tundu), pima upya kwanza.