Barua kwa Mwanangu: Moyo wa Clemente na Kazi ya Uzamiaji

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeipokea na nimeirudia kuisoma, kwa sababu swali ulilouliza si la kujibiwa kwa pupa. Umesema umemaliza kusoma habari za maisha ya Roberto Clemente, yule mchezaji mashuhuri wa besiboli, na kwamba tangu hapo wazo lako la siku nyingi la kuacha kazi ya ofisini na kusomea uzamiaji, hasa uzamiaji wa uokoaji, limekomaa. Kisha ukauliza: mtu akiwa na moyo wa kujitolea kama ule wa Clemente, kwa nini apitishwe ngazi zote hizo za kozi kabla ya kuruhusiwa kumsaidia mwenzake majini? Umeniuliza kama mama yako na kama mtu aliyefundisha kazi hiyo, nami nitakujibu kwa nafasi zote mbili.

Nadhani umemsoma Clemente kuanzia mwisho wake. Wengi hufanya hivyo, kwa kuwa kifo chake kinagusa sana, na kwa kufanya hivyo wanairuka sehemu kubwa ya maisha yake, ambayo ilikuwa ya mazoezi. Alizaliwa mwaka 1934 huko Carolina, Puerto Rico, katika familia iliyoishi kwa kazi ya mashamba ya miwa. Shuleni alikuwa akirusha mkuki, na inaaminika kwamba huko ndiko mkono wake ulikopata nguvu ile ya kutupa mpira ambayo baadaye wakimbiaji wa timu pinzani waliiogopa. Mwaka 1954 alisajiliwa na Brooklyn Dodgers, akapelekwa kwenye timu yao ya Montreal, na kabla mwaka haujaisha akachukuliwa na Pittsburgh Pirates, timu aliyoichezea misimu yote 18 ya ligi kuu. Taji lake la kwanza la upigaji bora alilipata mwaka 1961, baada ya kucheza misimu sita. Akilinda upande wa kulia wa Forbes Field, uwanja wa nyumbani wa Pirates, alijifunza jinsi mpira unavyodunda kila unapogonga ukuta wa upande ule, hata akawa anajua pa kusimama kabla mpira haujafika. Tuzo za Glavu ya Dhahabu, wanazopewa wachezaji bora wa ulinzi, alizipata mara 12 mfululizo, kuanzia mwaka 1961 hadi 1972, na tarehe 30 Septemba 1972 alifikisha mapigo salama 3,000, yaani mapigo yanayomwezesha mpigaji kufika kituoni. Yote hayo aliyafanya huku baadhi ya waandishi wa Marekani wakimwita Bob asivyotaka, na wakikejeli lafudhi yake ya Kiingereza. Moyo alikuwa nao tangu mwanzo; mkono ule na macho yale aliyapata kwa kurudia jambo lile lile mwaka baada ya mwaka.

Sasa tuje kwenye safari yake ya mwisho, ambayo ndiyo kiini cha swali lako. Tarehe 23 Desemba 1972 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Managua, Nikaragua, mji ambao Clemente alikuwa ametoka wiki chache tu kabla, alikokwenda kuongoza timu ya wachezaji wa ridhaa wa Puerto Rico. Aliongoza ukusanyaji wa misaada, na aliposikia kwamba misaada iliyotangulia ilikuwa ikiporwa na askari wa utawala wa Somoza, mtawala wa Nikaragua, aliamua kuisindikiza mwenyewe. Ndege iliyopatikana ilikuwa DC-7 kuukuu, iliyokuwa imeharibika katika ajali ya ardhini mapema mwezi huo huo, haikuwa na mhandisi wa ndege mwenye sifa, na ilipakiwa takriban kilo 1,900 kupita kiwango chake. Iliruka usiku wa tarehe 31 Desemba, na muda mfupi baadaye ikaanguka baharini karibu na pwani. Watu wote watano waliokuwemo walifariki. Clemente alikuwa na umri wa miaka 38, na mwili wake haukupatikana hadi leo.

Simlaumu yeye, hakuwa rubani wala fundi, na kuiandaa ndege ilikuwa kazi ya wengine. Lakini ninataka uitazame ndege ile kwa jicho la mzamiaji. Ilibeba nia njema kupita kiasi, na nia hiyo haikupunguza hata kilo moja ya mzigo. Hakuwepo mtu mwenye mamlaka, aliyesimama pembeni na karatasi mkononi, wa kusema kwamba chombo hiki hakiruki usiku huu. Sehemu kubwa ya mafunzo unayoyaona kuwa marefu ni mafunzo ya kuwa mtu huyo.

Nikupe mfano. Kabla ya kuingia majini wazamiaji wawili husimama wakitazamana, na kila mmoja hukagua vifaa vya mwenzake. Unashika geji ya mtungi wako, yaani kipimo cha mgandamizo wa hewa, na kuvuta pumzi mara kadhaa kupitia kidhibiti hewa huku ukiukodolea macho mshale wake. Ukiona unashuka kila unapovuta na kurudi unapotoa, basi valvu ya mtungi haijafunguliwa vya kutosha. Juu ya maji utapumua bila tabu na hutahisi chochote. Ukifika chini, ambako kila pumzi hutumia hewa nyingi zaidi, utakosa. Jambo hili huchukua muda mfupi sana, na ndilo linalorukwa kwanza pale mtu anapolia kwamba kuna anayezama.

Halafu kuna maumbile ya maji yenyewe. Ukishuka mita 10 baharini mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu, na kwa mita 30 huwa mara nne. Hewa aliyoivuta mtu akiwa mita 10, akiizuia kifuani na kupanda nayo, itataka nafasi mara mbili atakapofika juu, na mapafu hayana nafasi hiyo. Hupasuka, na viputo vya hewa vikaingia kwenye damu. Ndiyo maana amri ya kwanza ya uzamiaji ni kutozuia pumzi kamwe. Mtu asiyefunzwa akimwona mwenzake akihangaika chini, silika humwambia ajaze kifua, amkumbatie na apande naye kwa kasi. Hapo ndipo anayeokolewa na anayeokoa wanapopotea pamoja, hata kama huyo wa pili ana moyo wa dhahabu.

Umetaja pia kwamba Manny Sanguillén, mdakaji wa Pirates na rafiki wa Clemente, hakuhudhuria ibada ya kumbukumbu kwa sababu alikuwa majini pamoja na wazamiaji wakimtafuta. Nami kisa hicho kinanigusa. Hata hivyo, kutafuta chini ya maji ni ufundi wenye taratibu zake. Katika utaratibu mmojawapo, mtu mmoja hukaa katikati akishika kamba, mwingine huogelea duara huku kamba imekazwa, na kila duara likikamilika kamba huongezwa kidogo, mara nyingi katika maji machafu ambamo mkono ndio jicho. Mapenzi yatakuingiza majini, lakini hayatakuonyesha ni wapi umekwisha kupita.

Kuhusu ngazi zenyewe, kwa mfumo wa PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, kozi ya msingi itakufikisha mita 18, inayofuata mita 30, kisha kozi ya uokoaji pamoja na huduma ya kwanza, ndipo daraja la uongozi wa wazamiaji, ambalo ndilo la kwanza la kazi. Hapo utatakiwa kuwa na mbizi 40 zilizoandikwa kwenye daftari lako ili uanze, na 60 ili uhitimu, na utapimwa kuogelea mita 400 bila kusimama, kujiweka juu ya maji kwa dakika 15, na kumvuta mzamiaji aliyelegea kwa mita 100. Kwa uwezo wako wa kuogelea, hayo hayanitishi. Fahamu tu kwamba kuchomelea chuma na kukagua nguzo za madaraja chini ya maji ni fani nyingine, yenye shule zake, helmeti zake na hewa inayoletwa kwa hozi kutoka juu. Kadi ya uzamiaji wa burudani haikufungulii mlango huo. Vikosi vya uokoaji navyo huwa na mafunzo yao juu ya hayo yote, kwa hiyo uulize mapema kikosi unachokitaka kinadai nini.

Kabla ya yote, anza na daktari. Fomu ya afya itakuuliza kuhusu mapafu, masikio na moyo, na wewe uliugua pumu utotoni. Iandike wazi hata kama ni miaka mingi tangu ikuache, kwa kuwa hewa ikinaswa kwenye pafu wakati wa kupanda huleta madhara yale yale ya kuzuia pumzi. Usilipe ada ya kozi yoyote kabla hujapata jibu lake. Ukilipata, niandikie, nikueleze maswali ya kumuuliza mwalimu kabla hujamkubali.

Wako akupendaye,
Mama