Jukwaa la kunyanyulia fundi lenye miguu ya kukunja: patenti iko wapi hapo?

*Safu ya wasomaji: maswali ya sheria za biashara na uvumbuzi*

SWALI: Habari ya kazi ndugu mhariri. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kariobangi Light Industries. Nimetengeneza jukwaa la kumpandisha mtu juu, kwa mapenta, mafundi wa stima na wale wa kubadilisha taa kanisani. Linasimama kwa mlingoti, linapanda kwa winchi ya mkono mpaka kama mita nne na nusu, na lina miguu minne ya pembeni ya kulizuia lisipinduke, ukimaliza kazi miguu inakunjwa inalala kando ya mlingoti, watu wawili wanalipakia kwa pikapu. Niliweka video TikTok mwezi wa tatu na watu wakaipenda sana, sasa nasikia kuna mtu anataka kupeleka picha China akatengenezewe mengi. Je naweza kupata patenti? Ninaambiwa ati haiwezekani manake jukwaa si kitu kipya. Halafu juzi nimeongeza kitu kidogo, winchi haizunguki mpaka miguu yote iwe imekanyaga chini, kwa sababu kijana wangu alisahau kufungua miguu likayumba naye. Hiyo haiko kwa video. Asante.

JIBU: Fundi, barua yako umeiandika kichwa chini. Hiyo sentensi ya mwisho uliyoiita kitu kidogo ndiyo ilifaa ianze, na nitakuonyesha kwa nini, lakini kwanza tumalizane na hao waliokuambia haiwezekani.

Wako sawa nusu. Sheria ya Kenya ya Mali ya Viwandani ya 2001 inataka vitu vitatu ndio upewe patenti, yaani haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza ulichobuni: kitu kiwe kipya dunia nzima si Kariobangi tu, kiwe na hatua ya uvumbuzi, yaani fundi wa kawaida wa kazi hiyo asingekifikia kirahisi kwa anachokijua tayari, na kiwe kinaweza kutengenezwa au kutumika kwenye kazi. Hilo la tatu usilifikirie hata, umeshalipita.

Sasa upya. Jukwaa la kupandisha mtu lipo miaka mingi. Kampuni ya Genie ya Marekani ilianza 1966 na mashine ndogo ya kunyanyulia mizigo kwa upepo wa kompresa, JLG wakaja na zile za mkono mrefu mwanzoni mwa miaka ya 70. Miguu ya pembeni nayo angalia kreni yoyote ya lori ikifika saiti, dereva hagusi mzigo kabla hajaitoa. Miguu ya kukunja iko kwa stendi za kamera, kwa ngazi, kwa zile mashine za kuinulia dari za jipsamu. Kwa hivyo ukienda kwa KIPI, ile taasisi ya mali ya viwandani pale Nairobi, na ombi linalosema "jukwaa la kunyanyulia lenye miguu inayokunjwa", mkaguzi atakuwekea mezani karatasi mbili tatu za zamani na hapo umekwama.

Utasema, lakini hakuna aliyeviweka pamoja hivyo vyote. Hapo ndipo wavumbuzi wengi huteleza. Kuna mfano maarufu ambao ofisi ya patenti ya Ulaya inautumia kwenye mwongozo wa wakaguzi wake: mashine ya soseji iliyoundwa na kisagio cha nyama kinachojulikana na kijazio cha soseji kinachojulikana, vimewekwa tu ubavu kwa ubavu. Kisagio kinasaga kama kilivyosaga siku zote, kijazio kinajaza, hakuna kimoja kinachobadilisha mwenzake, basi hakuna uvumbuzi. Jukwaa lako la kwenye video, samahani nikisema, ni hiyo soseji. Mlingoti unapandisha, miguu inazuia, bawaba inakunja, kila kimoja na shughuli yake.

Lakini ulipounganisha mguu na winchi mambo yakabadilika. Sasa mguu si wa kuzuia tu, unaiambia winchi ruhusa au hapana, na matokeo yake ni kitu ambacho mguu peke yake haungeleta wala winchi peke yake, yaani fundi hawezi kupanda juu ya mashine ambayo haijatulia hata akisahau. Hapo viungo vinafanya kazi pamoja. Hapo tunaweza kuongea patenti.

Usishangilie bado. Mashine kubwa za kupandisha watu zenye miguu zinakuwa na kizuizi cha aina hiyo, swichi na sensa za umeme zinazokataa boriti isipande kama mguu haujakaa, kwa hivyo wazo lenyewe la "mguu kwanza, kupanda baadaye" si lako. Ulicho nacho wewe, kama nimeelewa barua, ni kulifanya bila umeme hata kidogo, kwa chuma na springi, kwenye mashine ndogo ya kubebwa kwa pikapu. Kama kuna mtu alishafanya hivyo kwa njia ile ile sijui, lazima utafute. Ingia Espacenet, ingia Patentscope na Google Patents, ni hifadhi za patenti mtandaoni, zote bure, na usitafute kwa maneno peke yake manake kila mtu anaita kitu jina lake, tafuta kwa namba za makundi ambazo ofisi za patenti hupangia uvumbuzi. Majukwaa ya kupandisha yako chini ya B66F 11/04, miguu ya kreni iko B66C 23/78, jukwaa za ujenzi ziko E04G, na ngazi E06C, hiyo ya mwisho usiiruke kwa sababu watu wa ngazi wameshafikiria mambo ya miguu kwenye ardhi isiyo sawa kuliko unavyodhani. Angalia michoro, michoro haina lugha. Jioni mbili tatu za bando na utajua umesimama wapi kabla hujampa wakala wa patenti shilingi.

Tuseme umetafuta na hujaona. Kazi inayobaki ni kuandika madai, yaani sentensi zinazotaja hasa unachotaka kilindwe, na hapa ndipo patenti inapona au inakufa, kwa sababu unacholindwa si mashine iliyosimama karakana bali maneno yaliyo kwenye karatasi. Mfano tu, usinakili hivi hivi, dai lingeweza kukaa namna hii: jukwaa la kubebeka lenye mlingoti, winchi na miguu minne inayokunjwa kando ya mlingoti, ambapo kila mguu una soli inayosukumwa juu inapokanyaga ardhi, na soli zimeungwa kwa fimbo na kishikizo cha winchi, winchi haizunguki mpaka soli zote nne zimebeba uzito.

Sasa jisomee kama yule jamaa wa China. Umesema minne? Yeye atatengeneza yenye mitatu. Umesema fimbo? Yeye ataweka waya wa breki ya baiskeli. Amekuacha na ameuza. Ndio maana wakala mzuri ataandika "angalau miguu mitatu", ataandika "kiungo cha kimakanika", halafu chini yake aweke madai madogo madogo yanayotaja fimbo, yanayotaja minne, ili lile kubwa likibomolewa yale madogo yabaki yamesimama. Na maelezo yote yawe ndani siku ya kwanza, pamoja na mchoro wa kishikizo kikiwa kimefunga na kikiwa kimefunguka, na namna mguu mmoja ukiingia mtaroni inakuwaje, kwa sababu ukishapeleka ombi huruhusiwi kuongeza jambo jipya baadaye.

Kuhusu video. Kitu kikishaonekana hadharani kimeonekana, sheria haijali nani alikionyesha. Pale Uingereza kuna kesi ya ubao wa kuteleza majini wenye tanga, kampuni ya Windsurfing International ilikuwa na patenti yake na ikabatilishwa, kisa na maana kijana wa miaka 12 alishajitengenezea ubao wa namna hiyo akautumia kisiwa cha Hayling mwaka 1958, kabla yao. Mtoto anacheza baharini likizo, hakuandika popote, hakuuza, na ikatosha. Sasa wewe na TikTok yako.

Bahati yako Kenya inakupa miezi 12: ulichokionyesha mwenyewe ndani ya mwaka mmoja kabla ya kupeleka ombi hakihesabiwi dhidi yako. Marekani nao wana mwaka. Ulaya hawana huruma hiyo. Lakini angalia vizuri barua yako, kilichoonyeshwa ni mlingoti na miguu, ambavyo hatungepata patenti yake hata hivyo, na kufuli ya winchi haijaonekana. Kwa hivyo kile chenye thamani bado ni kipya kila mahali, ila ikiwa karakana yako iko pale kando ya barabara na jukwaa limesimama nje wazi, basi tafadhali leo hii litupie turubai, usilikodishe, usilipeleke kanisani, usimwonyeshe "mwekezaji" bila karatasi ya kutunza siri iliyosainiwa. Na hiyo video ya pili unayopanga, ngoja.

Kuna njia nyingine ambayo mimi ningeifikiria sana nikiwa wewe. Sheria hiyo hiyo inatoa cheti cha yutiliti modeli, patenti ndogo tuseme, ambacho hakidai hatua ya uvumbuzi, kinataka upya na matumizi basi. Kinadumu miaka 10 na hakiongezwi, wakati patenti ni miaka 20 tangu siku ya ombi na kila mwaka unalipia isife, na lazima uombe ukaguzi ndani ya miaka mitatu la sivyo ombi linaanguka. Kwa jukwaa la vyuma la soko la hapa, miaka 10 ni mingi, kabla haijaisha utakuwa umeshatengeneza toleo lingine. Watu wanaidharau yutiliti modeli sijui kwa nini, labda jina. Dizaini nayo inalinda sura ya nje tu, kwa mashine yako haitasaidia kitu, mtu atabadilisha umbo la mguu na kufuli aibe.

Na huyo wa China: ukishapata cheti Kenya, kinamzuia kuingiza mzigo, kuuza na kutumia hapa hata kama umetengenezwa Guangzhou. Hakimzuii kuuza Brazil. Vile vile patenti ya Marekani ambayo haikusajiliwa hapa haina nguvu Kariobangi, kwa hivyo ukikuta kwenye utafutaji mtu wa Ohio ana kitu kinachofanana, hutapata patenti lakini huenda ukatengeneza na kuuza hapa bila shida, hakikisha tu hana cheti cha Kenya.

Neno moja nje ya swali. Patenti si kibali cha usalama. Mashine inayompandisha mtu inaangukia sheria ya usalama kazini ya 2007 na ukaguzi wake, na mkaguzi wa KIPI hatauliza kama waya wako wa winchi unabeba kilo ngapi. Wewe jiulize.

SWALI: Shikamoo. Mume wangu yuko kampuni moja huku Changamwe, ametengeneza jeki ya kukunja ya kuegemeza trela, alikuwa anafanya saa za lunchi na mashine za pale pale. Bosi anasema ni ya kampuni. Kweli?

JIBU: Marahaba dada. Inauma lakini bosi ana hoja. Kitu kilichobuniwa katika kutekeleza kazi ya mkataba ni cha mwajiri, mkataba usiposema vingine. Hata kama hakuajiriwa kubuni, akitumia vifaa au taarifa alizozipata kwa sababu ya ajira, haki inaelekea kwa mwajiri, ila hapo mumeo ana haki ya kudai malipo ya haki kulingana na mshahara wake na faida ambayo kampuni itapata. Kama angefanyia nyumbani kwa vifaa vyake na haihusiani na kazi yake ingekuwa yake moja kwa moja. Atafute mkataba ausome kabla ya kubishana, na jina lake kama mvumbuzi lazima liandikwe kwenye ombi hata kama mwenye patenti ni kampuni, asikubali kufutwa.

SWALI: Niko Arusha, nikisajili Nairobi inanilinda na huku?

JIBU: Hapana. Kenya ni Kenya. Tanzania Bara unaenda BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, na Zanzibar wana usajili wao. Ukitaka nchi kadhaa kwa ombi moja kuna ARIPO, shirika la mali miliki la nchi kadhaa za Afrika, makao Harare, Kenya na Tanzania zote ni wanachama, unachagua nchi unazozitaka na unalipia kila moja, na wanapokea yutiliti modeli pia. Ukishapeleka ombi la kwanza popote una miezi 12 ya kupeleka kwingine ukihesabiwa tarehe ile ile ya mwanzo. Chagua nchi utakazouza kweli, si zile unazoziota.

SWALI: Nimechora uvumbuzi wangu nikajitumia kwa posta, bahasha imefungwa na muhuri wa tarehe. Si hiyo inatosha?

JIBU: Haitoshi. Patenti ni ya aliyepeleka ombi kwanza, na bahasha si ombi. Ikiwa mtu mwingine amebuni kitu hicho hicho kivyake na akakutangulia KIPI wiki moja, bahasha yako itabaki kuwa barua uliyojiandikia. Ifungue, toa michoro, upeleke.