Ovyo si nasibu: kwa mwalimu anayeanza kufundisha uigaji wa kompyuta

Mwalimu mwenzangu, umepangiwa Kidato cha Tatu, umepewa hisabati pamoja na vipindi vya kompyuta, na umekuta chumba chenye mashine 11 zinazowaka kwa wanafunzi 54. Karibu. Mimi niko kazini mwaka wa 12 sasa, katika shule iliyo chini ya milima ya Usambara. Ninataka kukueleza ninavyofundisha uigaji wa nasibu, yaani ile njia ya kuiambia kompyuta ijaribu jambo mara nyingi kwa namba zisizotabirika kisha ihesabu kilichotokea. Vitabuni utaikuta kwa jina la Monte Carlo. Ninaianzia nje, chini ya mwembe, na kompyuta hatuzigusi mpaka wiki ya pili.

Sikuanza hivyo. Mwaka wangu wa kwanza niliandika ubaoni programu ya kukadiria pai, ile namba ya duara inayoanza na 3.1415, wanafunzi wakainakili, wakaiendesha, ikatoa 3.1396. Wakapiga makofi. Kwenye jaribio la mwezi nikawauliza kwa nini programu ile ile haitoi namba ile ile kila ikiendeshwa. Karibu wote waliandika kwamba kompyuta imeharibika. Jibu lile liliniuma sana, maana watoto wale hawakuwa wavivu. Mimi ndiye niliyewaonyesha jibu bila kuwapa nafasi ya kuiona nasibu kwa macho yao.

Basi tafuta mahali tambarare palipofagiwa. Chora kwa majivu mraba wa mita 1 kwa mita 1. Pigilia kigingi kwenye kona moja, funga kamba, pima mita 1 kamili kutoka kigingini, kisha zungusha kutoka ukingo mmoja wa mraba hadi mwingine huku ukichora. Unapata robo ya duara ndani ya mraba. Eneo la robo hiyo ni pai gawanya kwa 4. Kwa hiyo ukitawanya alama ndani ya mraba bila upendeleo, ukahesabu zilizoangukia ndani ya robo duara, ukagawanya kwa zote na kuzidisha kwa 4, unaikaribia pai.

Hapo wape punje za mahindi warushe. Usiwaonye kitu. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, kundi moja lilirusha punje 200, zikaingia 171. Pai yao ikawa 3.42. Kundi la pili 3.38, la tatu 3.46. Kama ingekuwa bahati tu, wengine wangepungukiwa, lakini wote walizidi. Nikawaambia warudie, safari hii kundi moja lirushe na jingine lichuchumae pembeni liangalie mikono tu. Binti mmoja akaona haraka: "Mwalimu, wanalenga kigingi." Ndivyo ilivyokuwa. Mtu akishika punje anataka iingie, na hata ukimwambia arushe ovyo mkono unafuata jicho.

Mwanzoni nililiona hilo kama kosa la somo, nikataka kulificha. Sasa ninalisubiri. Kwa Kiswahili tunayo maneno mawili, na watoto wanayachanganya: ovyo na nasibu. Kurusha ovyo ni kuuachia mkono, na mkono una mazoea yake. Nasibu inahitaji utaratibu mkali kuliko kitu kingine chochote watakachokifanya nje siku hiyo. Mwanafunzi akiishika tofauti hiyo, programu utakayomfundisha baadaye haitamsumbua.

Utaratibu wenyewe ni kopo na vikaratasi 10 vyenye namba 0 hadi 9, vyote vimekatwa sawa na kukunjwa sawa. Mmoja anachomoa bila kuangalia, anataja, anarudisha, anatikisa. Namba mbili za kwanza ni sentimita za kwenda kulia kutoka kigingini, mbili zinazofuata ni za kwenda juu. Ikitoka 3, 8, 0, 5, unapima sentimita 38 kulia na 5 juu, unaweka punje hapo. Usikubali njia ya mkato katika kurudisha kikaratasi. Kuna kundi lilikuwa linachomoa viwili kwa pamoja ili liwahi. Nilipopitia daftari lao lenye jozi 80 sikuona 44 wala 77 wala 00 hata mara moja, wakati jozi za namba pacha zilitakiwa kuwa kama 8. Niliwaachia wenyewe wagundue, nikasema tu: "Tafuteni kitu ambacho hakipo." Iliwachukua kama robo saa, na kelele walizopiga walipokiona zilisikika hadi ofisini.

Kuhusu kelele hizo, nikuambie jambo dogo. Darasani tunafundisha kwa Kiingereza. Nje wanabishana kwa Kiswahili, Kisambaa kikiingia hapa na pale, na mimi ndipo ninapojua nani ameelewa. Waache wabishane. Kama kuna atakayehoji, mwombe aje akae na kundi moja kwa dakika 10.

Sasa jihadhari na furaha ya mapema. Mwaka juzi vijana watano walinijia mbio: pointi 14, ndani zimeingia 11. Mara 4 ni 44, gawanya kwa 14, unapata 22/7 kamili! Walitaka kuishia pale, waandike ripoti, wapumzike. Niliwauliza: mngekuwa na pointi 13 mngesema nini? Na 15 je? Wakaendelea kidogo, namba ikaondoka pale pazuri ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Ndipo nikawasimulia habari ya Mario Lazzarini, Mwitaliano aliyetangaza mwaka 1901 kwamba amerusha sindano mara 3,408 juu ya mistari, akihesabu zilizoikatiza ili kukadiria pai, jaribio ambalo Buffon wa Ufaransa alilieleza katika karne ya 18, na kwamba amepata 355/113, yaani pai iliyo sahihi hadi desimali ya sita. Wanahisabati wa baadaye waliitilia shaka sana hesabu ile, kwa sababu mtu akiruhusiwa kuchagua mahali pa kusimama atasimama palipo pazuri. Tangu hapo sheria yetu ni kwamba idadi ya pointi inaandikwa kwenye daftari kabla ya kuchomoa kikaratasi cha kwanza. Mimi naisaini.

Somo ninalolipenda zaidi ni la kivuli. Halina jibu kwenye kitabu, kwa hiyo hakuna wa kulinakili. Mwembe wetu unaangusha kivuli chenye mapengo na masikio, huwezi kukipima kwa rula. Tunafunga kamba kukizunguka, mstatili wa mita 12 kwa 10, eneo mita za mraba 120. Kila kundi linachagua pointi 60 kwa kopo. Namba 37 maana yake ni 0.37 ya upande, kwa hiyo kwenye upande wa mita 12 unatembea mita 4.44. Unafika, unachomeka kijiti, unaangalia: jua au kivuli?

Makundi manne siku moja yalipata pointi za kivuli 33, 40, 37 na 35. Kwa mita za mraba ni 66, 80, 74 na 70. Mwalimu mgeni akiona tofauti hizo anaweza kuogopa, akadhani zoezi limeharibika. Usiogope, hapo ndipo penye kazi. Waambie wajumlishe: 145 kati ya 240, yaani mita za mraba 72.5. Halafu wachore majibu ya makundi yote kwenye mchanga kwa mstari mmoja, waone yalivyotawanyika na yalivyosongamana katikati. Anayeuona mchoro ule hatasema tena kompyuta imeharibika.

Siku ile tulianza saa 3 na nusu asubuhi tukamaliza karibu na saa 5 kasoro. Kijana mmoja mkimya alirudi kwenye kijiti chake cha kwanza, akasimama pale muda mrefu, kisha akaniita. Kijiti alichokiandika kivulini kilikuwa juani. Kivuli kilikuwa kinajivuta kuelekea shinani muda wote tuliokuwa tunakipima, na sisi tulikuwa tumejumlisha kivuli cha saa 3 na kivuli cha saa 5 kama kitu kimoja. Sikuwa nimelifikiria, na nilimwambia hivyo mbele ya wenzake. Siku hizi tunachomeka vijiti vyote kwanza, kisha kwa ishara ya filimbi kila kundi linapita kwenye vijiti vyake na kuandika jua au kivuli ndani ya dakika 3.

Mambo ya uwanjani nitayapitia haraka. Omba kipindi mara mbili, dakika 40 hazitoshi. Muage mkuu wa shule siku moja kabla. Piga fimbo majanini mapema kwa ajili ya nyoka. Upepo ukivuma, vikaratasi vikae koponi daima, kamwe si kwenye kiganja.

Wakipumzika chini ya mti ninawasimulia habari za mwanahisabati Stanislaw Ulam. Mwaka 1946 alikuwa akijiuguza, akicheza karata peke yake, akajiuliza ni kwa kiasi gani mchezo ule unaweza kufaulu ukigawa karata 52. Alijaribu kupiga hesabu, ikawa ndefu mno. Akawaza: si bora nigawe mara 100 nihesabu tu nilizofaulu? Alimweleza rafiki yake John von Neumann, na kule Los Alamos, Marekani, wakalitumia wazo hilo kufuatilia nyutroni, chembe za ndani ya atomu, kwa kompyuta za mwanzo. Jina la Monte Carlo alilipendekeza mwenzao Nicholas Metropolis, kwa sababu Ulam alikuwa na mjomba aliyekopa fedha kwa ndugu ili aende kwenye kasino za mji huo. Usiwafiche kwamba kazi yao pale ilikuwa silaha za nyuklia. Watoto huuliza, na wana haki ya kujibiwa.

Von Neumann anakufaa pia kwa vizibo vya soda. Kizibo kikirushwa hakianguki sawasawa. Vyetu huangukia mgongo, mdomo juu, kama mara 62 kwa 100. Alionyesha mwaka 1951 jinsi ya kupata bahati sawa kutoka kwenye kitu kisicho sawa: rusha mara mbili, majibu yakifanana tupa, yakitofautiana chukua la kwanza. Juu kisha chini ni 0.62 mara 0.38, na chini kisha juu ni 0.38 mara 0.62, kwa hiyo mizani imesimama. Zoezi hili linafaa siku ya mvua, kwenye baraza.

Kabla ya kuingia chumba cha kompyuta wafanye hesabu ya muda. Pointi moja kwa kopo inachukua sekunde 10 kwa kundi lililozoea. Na kosa likitakiwa lipungue mara 10, pointi lazima ziongezeke mara 100. Pointi 1,000,000 zingetuchukua zaidi ya siku 115 usiku na mchana bila kula. Wakishaipata namba hiyo wenyewe, wanaingia chumbani wakijua wanakwenda kuiomba mashine nini. Waandike kwanza hatua kwa Kiswahili kwenye daftari: chukua namba kati ya 0 na 1, chukua nyingine, zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, jumla isipozidi 1 ongeza moja kwenye hesabu ya ndani. Aliyeshika ile kamba ya mita 1 anaelewa kwa nini ni 1.

Swali litakalobaki ni kompyuta inazipata wapi namba zake, wakati haina kopo. Hilo nalo nalijibia nje. Tunapanga mawe 16 kwa duara, yamepewa namba 0 hadi 15. Mwanafunzi anasimama kwenye jiwe la 7. Kanuni: zidisha kwa 5, ongeza 3, gawanya kwa 16, baki ndilo jiwe lako linalofuata. Anaruka 6, 1, 8, 11, 10, 5, 12, 15, 14, 9, 0, 3, 2, 13, 4, na anarudi 7. Amepita mawe yote mara moja moja, na anayemtazama bila kujua kanuni haoni mpango wowote. Namba ya kuanzia tunaiita mbegu, na watoto wa wakulima hawahitaji maelezo zaidi: mbegu ile ile, mavuno yale yale.

Mwaka huu yule yule aliyeona kijiti juani alikaa pembeni ya duara akiandika W na S kwenye vumbi. Akaniuliza: "Mwalimu, mbona ni witiri, shufwa, witiri, shufwa, mpaka mwisho?" Tukakagua wote, ni kweli. Akauliza tena: "Na namba za kompyuta zetu je, kama zina mtindo ambao bado hatujauona?"

Nilimjibu kwamba iliwahi kutokea. Miaka ya 1960 wataalamu wengi walitumia kanuni iliyoitwa RANDU, ya aina ile ile ya mawe yetu ila yenye namba kubwa mno, mpaka ikagundulika kwamba ukizipanga namba zake tatu tatu kama pointi angani, zote zinakaa kwenye tabaka 15 tu, kama karatasi zilizopangwa. Mwanahisabati George Marsaglia alikuwa ameeleza mwaka 1968 kwamba kanuni za aina hiyo zote zina tabia ya kukaa kwenye tabaka namna hiyo.

Alisikiliza, akaomba ufunguo wa chumba cha kompyuta. Jioni ile aliandika programu ya kutoa namba 1,000,000 na kuhesabu ni mara ngapi witiri inafuatwa na shufwa.