Programu ikigoma kwa sababu ya W^X, usikimbilie kuzima ulinzi

Wadogo zangu mnaoanza kazi za seva hapa Tanga, hasa nyie mnaokuja ofisini Chumbageni kwa mafunzo ya vitendo: iko siku programu itagoma kuwaka, na logi itasema imenyimwa ruhusa ya kumbukumbu. Mara nyingine aliyeinyima ni W^X, ulinzi unaokataza sehemu moja ya kumbukumbu kuandikwa (W) na kutekelezwa (X) kwa pamoja. Mtandaoni mtakuta jibu la haraka: zima ulinzi. Msizime kabla hamjajua programu ilikuwa inaomba nini.

Kumbukumbu hugawanywa katika kurasa, kwa kawaida za baiti 4096, na kila ukurasa una ruhusa zake: kusomwa, kuandikwa, kutekelezwa. Hatari ni ukurasa mmoja kupewa mbili za mwisho kwa pamoja. Mdukuzi akipata bafa inayofurika, yaani nafasi ya kumbukumbu inayopokea data kuliko uwezo wake, anapenyeza maagizo yake humo, kisha anakielekeza kichakataji kuyatekeleza. Mnyoo wa Morris, programu iliyojisambaza yenyewe mtandaoni, uliingilia kompyuta za VAX hivyo mwaka 1988, kupitia fingerd, huduma ya kutoa taarifa za watumiaji. Kule bandarini, karani anayeandika hati ya kutoa mzigo hakabidhiwi na funguo za geti.

Watengenezaji wa mfumo endeshi wa OpenBSD walianza kuisimamia kanuni ya kutoziweka ruhusa hizo mbili pamoja katika toleo la 3.3, mwaka 2003, wakaiita W^X. Windows XP ikapata ulinzi kama huo mwaka uliofuata, kwenye SP2, furushi lake la pili la maboresho.

Kwenye Linux anzeni na `grep rwx /proc/1234/maps`, mkiweka namba ya mchakato wenu badala ya 1234; rwx ni kusomwa, kuandikwa na kutekelezwa kwa pamoja. Kikitoka kitu, mara nyingi ni JIT, yaani injini inayogeuza JavaScript au Java kuwa maagizo ya mashine programu ikiendelea. Hata hiyo haihitaji ruhusa zote mbili kwa wakati mmoja: inaandika, inabadilisha ruhusa kwa mprotect, wito wa mfumo wa kazi hiyo, ndipo inatekeleza. Firefox ilianza kufanya hivyo toleo la 46, mwaka 2016. Kwa hiyo anayewaambia JIT haiwezekani bila rwx, mwombeni maelezo.

Chanzo kinachowatesa wengi zaidi ni faili la asembli lisilo na sehemu ya `.note.GNU-stack`. Linka, programu inayounganisha mafaili kuwa programu moja, inaweza kulichukulia kuwa linahitaji staki (kumbukumbu ya muda ya programu) inayotekelezeka, ikaifanya hivyo staki ya programu nzima. Mtasoma msimbo wa C mpaka jioni msione kosa, maana humo halimo. Pigeni `readelf -lW programu | grep STACK`. Mkiona RWE badala ya RW (E ni kutekelezwa), tafuteni faili hilo.

Huduma isiyo na JIT iwekeeni `MemoryDenyWriteExecute=yes` kwenye faili lake la systemd, msimamizi wa huduma za Linux, mkaijaribu kwanza kwenye mashine ya majaribio. Msibweteke, lakini: ROP, mbinu ya udukuzi aliyoieleza mtafiti Hovav Shacham mwaka 2007, huunganisha vipande vya msimbo uliokwishamo bila kuandika mpya, ndiyo maana ASLR, ulinzi unaobadilisha mahali msimbo unapokaa kwenye kumbukumbu, nayo iachwe imewashwa.

Ikibidi kulegeza, legezeni kwa programu hiyo moja tu, na kwenye daftari la seva andikeni jina lake, sababu, na nani aliruhusu.