Trauti wa Mlima Kenya: Majibu kwa Wanaopanda na Fimbo

Barua nyingi zimekuja kuhusu safari moja tu: watu wawili, mabegi mgongoni, kwenda kuvua trauti, samaki wa maji baridi, juu mlimani kwa fimbo ya kuvulia. Najibu zile zinazoulizwa zaidi.

*Mimi na rafiki yangu tangu shuleni tunapanda kwa njia ya Chogoria hadi Ziwa Ellis. Yeye ni mvuvi, mimi sijawahi kushika fimbo. Si nitamharibia safari? – Msomaji, Thika*

Humharibii ukielewa jambo moja kabla ya kufika. Katika uvuvi mliozoea, kilicho kizito ni risasi, yaani kile kipande cha madini cha kuzamisha, au chambo, nacho huuvuta mshipi, ile kamba ya kuvulia. Hapa chambo ni nzi wa bandia, manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoana, mwepesi hata ukimpuliza anaruka. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito. Kwa hiyo unainua fimbo, mshipi unapaa nyuma yako, halafu unasubiri. Hapo ndipo wageni wanaposhindwa: mkono unarudi mbele mshipi haujanyooka, unaanguka miguuni kama tambi. Geuza kichwa utazame nyuma. Ukiuona umenyooka, peleka fimbo mbele kisha isimamishe ghafla.

Fanyeni mazoezi uwanjani, bila ndoana. Ziwani vaa kofia na miwani, na usipite nyuma ya mwenzako anaporusha. Kile kijino cha ndoana kibaneni kwa koleo kilale kabisa. Ndoana ikiingia kidoleni itatoka ilivyoingia, maana hospitali iko mbali.

*Ni kweli trauti si samaki wa kwetu? – Msomaji, Karatina*

Kweli kabisa. Mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka ziwa la Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905, na samaki wakatiwa mto Gura, milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua, ambaye kwao ni magharibi ya Amerika Kaskazini, alifuata baadaye. Wamedumu kwa sababu ya baridi: maji baridi hubeba oksijeni nyingi, na trauti hawezi kuishi bila hiyo. Fuata mto uleule ukishuka, maji yakipata joto, utawaacha trauti nyuma. Walowezi walijitafutia mchezo wao, mito ikapata mla nyama mgeni. Ndiyo maana mimi sioni haya kumla. Mnaowataka kwa chakula cha jioni waueni upesi. Anayerudishwa ashikwe kwa mikono iliyolowa, asikae nje ya maji mkipiga picha.

*Mwaka jana mwenzangu aliumwa kichwa usiku, akakataa kula, akasema ni uchovu tu. Tulifanya vema kuendelea kupanda asubuhi? – Msomaji, Nakuru*

Hapana, na mlikuwa na bahati. Geti la Chogoria liko karibu mita 2,950 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Ellis karibu 3,450. Wengi hufika getini kwa gari wakitoka nyanda za chini siku hiyohiyo, mwili haujapata nafasi ya kuzoea hewa haba ya juu. Maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu au kukosa hamu ya kula ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vingine. Msipande zaidi hadi dalili ziishe. Akianza kuyumba akitembea, kuchanganyikiwa, au kuhema akiwa amekaa, shukeni wakati huohuo, hata kama ni saa nane za usiku.

Taabu ni kwamba mgonjwa mara nyingi ndiye wa mwisho kukubali, na rafiki anaona aibu kumkatiza safari aliyoingoja mwaka mzima. Kwa hiyo kubalianeni mkiwa bado nyumbani: mmoja akisema tushuke, mnashuka, na hakuna kubishana.

*Tubebe githeri mbichi? – Msomaji, Embu*

Thubutu! Kwenye urefu ule maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, na maharagwe yatamaliza gesi yenu kabla hayajaiva. Bebeni tambi, unga wa uji, njugu, chumvi na ndimu za samaki. Na msitegemee samaki. Kuna siku ziwa halitoi kitu. Kuni msiwashe. Nyasi za juu zikishika moto hazizimiki kirahisi, na mwaka 2012 mlima uliungua vibaya.

*Twende lini, na tulipe nini? – Msomaji, Nairobi*

Januari na Februari ndiyo miezi ya ukavu. Mvua za masika, Machi hadi Mei, hufanya barabara ya msitu kuwa matope na mito kuwa kahawia. Hapo trauti hawezi kumwona nzi wako. Kiingilio cha hifadhi hulipwa KWS, shirika la wanyamapori, kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Msidhani risiti hiyo inawaruhusu kuvua: ulizieni leseni ya uvuvi kabla ya kuondoka Nairobi. Msituni kuna nyati na tembo, kwa hiyo chukueni mwongozaji, na asubuhi na mapema tembeeni mkiongea kwa sauti.