Siku 6 Zion, Bryce, Arches, Monument Valley na Grand Canyon: punguzeni

Waalaykumu salaam, ndugu yangu wa Fuoni. Umeuliza kama wewe na bibi yako mnaweza kukodi gari Las Vegas mwezi wa Agosti, mkayamaliza maeneo matano ya Utah na Arizona, majimbo ya Marekani (Zion, Bryce, Arches, Monument Valley na Grand Canyon), kwa siku 6 na kurudi. Mzunguko huo ni kama kilomita 1,800. Unguja yetu nzima urefu wake ni kama kilomita 85. Kufika mtafika, lakini mtakuwa mnashuka kupiga picha na kupanda tena.

Toeni Arches na Monument Valley. Laleni Zion siku mbili, Bryce moja, mji wa Page moja, ukingo wa kusini wa Grand Canyon moja, kisha mrudi. Hapo inabaki kama kilomita 1,300, na siku ndefu ni ile ya mwisho tu, kilomita 450 hivi.

Gari: usukani uko kushoto na mnapita kulia. Barabara kuu haisumbui, kwa sababu unafuata wenzako. Hatari ni asubuhi, ukitoka kituo cha mafuta na njia tupu: mkono unakupeleka kushoto kama vile unaingia kipilefti cha Michenzani. Anayekaa pembeni aseme "kulia" kila mnapokata kona, hata kama mtachokana. Mwendo unaandikwa kwa maili. 65 ni kama kilomita 105 kwa saa. Petroli inauzwa kwa galoni, karibu lita 3.8, na pampu za huko juu milimani zina ya oktani 85 (namba ya daraja la petroli) ambayo bei yake ni rahisi. Iacheni, gari nyingi zimeandikiwa 87. Jazeni tangi mji wa Kanab kabla ya kuelekea Page. Ramani zipakueni kwenye simu mapema, maana mtandao hukatika. Kama nyote mtaendesha, majina yote mawili yawe kwenye mkataba, na leseni ya kimataifa iambatane na ya nyumbani. Peke yake haina kazi.

Saa nayo huwapotezea watu nafasi walizolipia. Agosti, Utah iko mbele ya Arizona kwa saa moja, na Page iko Arizona, mpakani kabisa, kwa hiyo simu inaruka huku na huku. Antelope Canyon, korongo jembamba karibu na Page, hamwingii bila kiongozi, na miadi yao ni kwa saa ya Arizona. Vaeni saa ya mkononi.

Sasa maji, na hapa msifanye mzaha. Kwetu jasho linalowesha shati. Kule hewa ni kavu, linakauka kabla hujaliona, basi mtu hajui kama anakaukiwa. Wekeni lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na akiba nyengine ndani ya gari. Kuleni na kitu cha chumvi, kwani maji matupu kwa wingi nayo yanaumiza. Grand Canyon inadanganya zaidi: ukingoni ni kama mita 2,100 juu ya bahari, kuna upepo mzuri, lakini kadiri mnavyoteremka joto linapanda, na kule chini Agosti hupita digrii 40. Kupanda kunachukua karibu mara mbili ya muda wa kushuka. Geukeni mkiwa bado na nguvu.

Agosti pia ni msimu wa mvua za radi. Korongo jembamba linajaa kwa mvua iliyonyesha mbali, juu yenu mbingu nyeupe. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walifariki Antelope kwa namna hiyo. Kila asubuhi ulizeni ofisi ya hifadhi. Wakisema msiingie, msiingie.

Zion gari mtaliacha, bonde lenyewe linaingiwa kwa basi la hifadhi. Bryce chukueni sweta, usiku kuna baridi hata Agosti. Nyama ya halali katika vijiji vile msiitegemee: nunueni Las Vegas, pamoja na boksi la barafu, tende na mkate.

Na kibla: huku tunaelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Kule ni kaskazini ikiegemea mashariki, si mashariki yenyewe kama wengi wanavyokisia.